Kiraka Kisicho na Maelezo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Newala. Baridi ya kukata masikio. Sweta mbili na bado vidole vinagoma kuchapa.

Toleo jipya la Mapokezi limeshuka. Hatimaye! Zahanati zetu zote – hapa, Lukuledi, Lisekese – zinapokea wagonjwa kwa programu hii. Wanaoitengeneza wako nchi za nje, wanaitoa bure, na yeyote anaruhusiwa kuifungua aone kilichomo. Wao wanaifunga kwenye kifurushi, mimi huku nakifungua na kusoma kilichobadilika, mstari kwa mstari. Nyekundu kilichotolewa, kijani kilichoongezwa. Naidhinisha au nakataa. Tunawaita “wa juu”. Sisi tuko juu ya uwanda mzima wa Makonde lakini kwa programu tuko chini yao, tunarithi kila wanachofunga.

Jambo jipya zuri: sasa programu inaongea! Inamwita mgonjwa kwa spika. Nesi Dominika hatakauka tena koo kwa kupiga kelele mlangoni.

Kaka Optatus angefurahi kuona. Kazi hii ni yake, alinikabidhi Januari alipohamia Tandahimba kwa mke wake. Ndiye aliyenifundisha kompyuta Masasi, tangu sijui hata pa kuwashia. Sasa yeye ni mmoja wa wafungashaji wa huko juu, wanne tu dunia nzima, na katikati ya Julai wafadhili wao wanamwajiri kabisa, atafanya kazi akiwa nyumbani kwake. Mtu wa kwetu! Nikisema namjua, natembea kifua mbele.

Kazi ya leo: viraka. Hivyo ni vipande vidogo vya zahanati zetu, vinakaa ndani ya kifurushi cha wa juu na kushonewa juu ya programu kurekebisha hapa na pale. Viko tisa. Vinane vimekaa vizuri. Cha saba kimegoma, hakishiki kwenye toleo jipya. Nitakisoma kesho. Umeme umeshakatika na betri imebaki ya kuandikia haya tu.

Jumanne, 10 Juni

Nimekisoma kiraka cha saba. Nimesimama. Nimekaa. Nimekisoma tena.

Viraka vyote vina maelezo juu: kinafanya nini, kwa nini, nani aliomba. Cha saba kina maneno manne. “Mambo ya kwetu. Usiguse.” Basi! Chini yake sahihi ya Optatus.

Na kinachofanya – jamani. Kinachukua jina la mgonjwa kabla halijafika kwenye skrini, kinalivuruga lisisomeke, kisha kinalisokomeza kwenye faili lililofungwa kwa ufunguo. Nimejaribu kulifungua hilo faili. Takataka ya herufi. Hakuna anayeweza kusoma kilichomo isipokuwa mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ni mmoja.

Majina ya wagonjwa! Yanafichwa wapi, kwa ajili ya nani?

Nimesoma visa vya watu wa namna hii. Mtu anajitolea miaka, mpole, anajibu kila swali, kila mtu anampenda, kumbe anatengeneza mlango wa nyuma wa kuibia siri za watu. Nilipokuwa nasoma visa hivyo nilikuwa najiuliza, hivi wenzake walikuwa hawaoni? Leo nimejiona mimi.

Sijala. Mbaazi zimechacha kwenye sufuria.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia Optatus tangu asubuhi. Haipatikani. Nikampigia mke wake, Mama Basil.

“Shikamoo dada.” “Marahaba mdogo wangu, umetutupa!” Akaanza habari za rangi ya nyumba. Nikamkatisha, nikasema namtafuta kaka, jambo la kazi, la haraka. Akasema kaka yako yuko likumbi, yaani huko porini kambi ya jando, na mtoto wa dada yake. Mjomba ndiye mwangalizi. Simu kaiacha kabatini, hairuhusiwi. Mpaka watoke, mwanzoni mwa Julai.

Nikamuuliza, dada, aliwahi kukuambia habari ya kiraka, ameandika tu mambo ya kwetu? Akacheka! Akasema, “Mambo ya kwetu si ndiyo hayohayo? Ya wanaume hayo. Mimi usiniulize.” Akabadilisha mazungumzo, akauliza kama Newala maji yanapatikana.

Anajua kitu. Kwa nini alicheka vile? Kwa nini akakimbilia maji?

Na yeye Optatus – anaingia porini bila simu wiki ileile toleo jipya linapotoka. Sitaki kuwaza ninachowaza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetuma.

Nimeandika kwa Kiingereza, kwenye ukurasa wa wazi ambako kila mtu anaona, kwa sababu utaratibu ndivyo ulivyo. Nimeandika kwamba kiraka cha saba kinaficha majina ya wagonjwa bila maelezo, kina faili lililofungwa, na mwandishi wake hapatikani. Nimeandika jina lake lote. Nikabonyeza.

Ijumaa, 13 Juni

Walijibu hata chai haijapoa! Mratibu wao, mama mmoja wa Ureno, kanishukuru mara tatu katika imeili moja. Ameniita jicho kali. Kiraka kimeondolewa, wamefunga kifurushi upya. Na ufunguo wa Optatus wa kuingilia kwenye kazi yao wameuzuia: hawezi kugusa kitu chochote mpaka ajieleze. Wamempa mpaka Ijumaa ya tarehe ishirini na saba.

Watu nisiowajua wananiandikia pongezi. Mmoja Brazili. Mmoja sijui wapi huko.

Nimefurahi. Naandika ukweli, nimefurahi kidogo. Halafu nikaona picha yetu ukutani, mimi na yeye na darasa lote la Masasi, yeye kashika kibodi kama kombe la mpira. Nikaigeuza.

Jumapili, 15 Juni

Masasi, kwa mama. Ibada ndefu, mahubiri marefu zaidi.

Mama kauliza mbona umekonda. Nikamwambia. Akaacha kuchambua kisamvu akanitazama. “Mwalimu Optatus? Aliyekulipia mtihani?” Nikasema mama, haya ni mambo ya usalama wa wagonjwa, hayana mwalimu wala mwanafunzi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayehutubia. Akarudi kwenye kisamvu chake. Akasema mimi sijui kompyuta, ila ungemsubiri atoke.

Tumekula. Jioni nikapanda gari la Newala.

Jumanne, 17 Juni

Nimeweka toleo jipya hapa Newala kwanza. Nikiona liko sawa nitaenda Lukuledi na Lisekese. Spika mbili, moja kwenye benchi la nje, moja ndani. Nimejaribu na jina langu: “Stella, chumba namba mbili.” Sauti nzuri, ya kike, ina lafudhi ya watu wa redioni. Dominika kapiga makofi. Akasema leo na mimi nimepata msaidizi.

Jumatano, 18 Juni

Mungu wangu.

Naandika nimejifungia ndani.

Zahanati ilijaa. Jumatano ni siku ya kliniki ya sukari na presha. Bwana Halfani fundi cherehani alikuwa benchi la nje. Ni mtu mzima, ana watoto wakubwa, anaheshimika mtaa mzima. Ana sukari na kidonda cha mguu, huja kila wiki kukisafisha. Leo alimleta na mama mkwe wake apime presha. Walikaa mbali mbali kwa adabu zao, mkwe upande huu na kanga yake kichwani, yeye kule mwisho anatazama chini.

Spika ikaita jina. Jina silijui mimi. Hakuna aliyesimama. Ikaita tena. Nikaona benchi zima limekuwa kimya – kimya cha ajabu, hata watoto. Ikaita mara ya tatu, sauti ileile nzuri, chumba namba mbili.

Nikatazama skrini. Namba ya faili ni ya Bwana Halfani. Nikadhani hajasikia! Nikatoka mlangoni, mimi, kwa mdomo wangu, nikamtazama usoni, nikamwita kwa jina lile kwa sauti kubwa. Nikaongeza na tabasamu.

Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Kijana wa bodaboda aliyeleta mgonjwa akaguna, akacheka, akajizuia. Mama mkwe akainuka. Akaondoka bila kupima, anatembea haraka kama anakimbia mvua.

Bwana Halfani alibaki amekaa. Uso wake siwezi kuueleza. Nimewahi kuona mtu akipigwa hadharani na hakuwa na uso ule. Kisha akanyanyuka na mguu wake mbovu, akaja mpaka kwenye spika, akachomoa waya. Aliuchomoa taratibu tu. Akaenda zake. Kidonda hakikusafishwa.

Dominika alikuwa nyuma yangu. Nilipogeuka kumuuliza nimefanya nini, alinitazama kama hanijui. Akasema, “Nenda nyumbani, Stella. Leo usikae hapa.”

Nimeenda nyumbani. Nini? Nimefanya nini?

Alhamisi, 19 Juni

Dominika amekuja mwenyewe. Kaleta na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, nikajua amekuja kukaa.

Akaniuliza, wewe kweli hujui au unajifanya? Nikasema sijui. Akasema basi ni umisheni wenu huo.

Ni kweli. Sisi Waanglikana wa Masasi, wajukuu wa misheni, jina lako unapewa kwenye ubatizo na unazikwa nalo. Kaka zangu walikwenda jando la kanisani wakarudi na majina yaleyale. Nilijua kuna watu hubadilisha. Nilijua kama mtu anavyojua kuna nchi inaitwa Mongolia.

Dominika akasema huku mtoto akishatoka likumbi, lile jina la utotoni limekufa. Limezikwa kule. Anapewa jipya, mara nyingi la mjomba au la babu, na tangu siku hiyo ukimwita lile la zamani umemtukana tusi lisilo na mfano. Umesema hajatahiriwa, hajafunzwa, ni kitoto. Watu wamefikishana barazani kwa sababu hiyo. Ndugu wamenuniana mpaka kaburini. “Na wewe umemwita mbele ya mkwe wake.”

Sasa yakaanza kuniingia, moja moja, kama maji ya baridi mgongoni.

Mafaili ya watu wazima wengi yamenakiliwa kutoka kadi zao za utotoni. Jina la kwanza kwenye faili ni la kabla ya jando, jipya limeongezwa chini. Wa juu wao wanaamini jina la kwanza kuandikwa ndilo jina. Programu yao ndilo inaloonyesha, na sasa ndilo inaloita.

Nikamwacha Dominika anakula peke yake, nikafungua laptop. Kiraka cha saba. Mistari ileile. Kinachukua jina la zamani kabla halijafika kwenye skrini. Kinalivuruga ili hata karani asilisome. Kinalifungia, halitupwi, ili historia ya matibabu ya mtu isikatike katikati. Kisha, kwenye mistari ya mwisho niliyoipita mbio kwa hofu, kinaweka lile jipya kila mahali. Hivi tu! Miaka yote hii hakuna mgonjwa wa zahanati yetu aliyeitwa vibaya, na hakuna aliyejua kwa nini.

Nikamwuliza Dominika, sasa kwa nini hakuandika? Mstari mmoja tu, kwa nini? Akasema, “Aandike nini? Ya jando yanaandikwa?” Kwake lilikuwa swali la kijinga kabisa.

Optatus si mwizi. Optatus hakuwa na mlango wa nyuma wowote. Alikuwa anawasitiri watu, na mimi nimemtangaza dunia nzima.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi nimerudisha kiraka cha saba kwenye kifurushi chetu, nimekishona upya mwenyewe kishike kwenye toleo jipya. Nimekijaribu kwa kila faili. Spika nimezing'oa. Lukuledi na Lisekese namshukuru Mungu sikuwa nimefika.

Halafu nikaandika kwa wa juu. Nikaeleza: huku kwetu watu hubadilisha jina, la zamani ni tusi, kiraka kinawasitiri, mimi ndiye nimekosea, mrudishieni ufunguo wake leo. Niliandika “leo” kwa herufi kubwa.

Mama wa Ureno kajibu vizuri tu, kwa upole, na upole wake ndio umenimaliza. Anaelewa. Anashukuru. Lakini shutuma ya usalama haifutwi na aliyeitoa. Mwenyewe ajibu, kwa maneno yake, kwa nini alificha na kwa nini hakueleza. Tarehe ni ileile. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake ningesema hivyohivyo! Hapo ndipo pabaya. Hawana kosa.

Nikatafuta ukurasa wangu ule wa tarehe kumi na mbili niufute. Haufutiki. Nikaandika jina la Optatus kwenye mtandao nione kinachokuja. Zamani kilichokuja ni masomo yake ya bure, yale ya wanafunzi. Sasa kinachotangulia ni maneno yangu. Yamenakiliwa na watu wa kila lugha. Wengine wameongeza chumvi, wanasema aliuza majina. Nimewaandikia wanne wanaosema hivyo. Mmoja kajibu, akaniuliza kama nimetishwa.

Jumatatu, 23 Juni

Tandahimba. Basi la asubuhi, vumbi, harufu ya salfa kila mahali, watu wameanza kupulizia mikorosho.

Nimemwambia Mama Basil yote. Tulikuwa uani. Nilianza kwa kuzunguka, akasema sema mwanangu – leo kaniita mwanangu, si mdogo wangu – nikasema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu. “Uliandika na jina lake?” Nikasema ndiyo.

Akaingia ndani. Nikadhani amenifukuza. Akarudi na maji ya kunawa na ugali wa muhogo. Akasema kula kwanza, umetoka mbali. Afadhali angenizaba kofi! Nilikula machozi yakinitiririka, naye ananiongezea mboga.

Kisha tukatoka kumtafuta Erasto, shemeji yake, ndiye anayepeleka chakula njia ya likumbi. Alitusimamisha mbali kabisa, pale njia inapogawanyika. Mbele ya hapo wanawake hatukanyagi. Nilisikia ngoma kwa mbali na watoto wakiimba. Sauti nyembamba.

Nikamweleza. Ujumbe mmoja tu, kaka, maneno machache. Amwambie Optatus atoke saa moja tu, ajibu imeili, arudi. Erasto kasikiliza kwa heshima zote. Akasema shemeji, wewe ni mgeni sikulaumu. Huyo ni mwangalizi. Akitoka kabla ya siku, mtoto wake atalala na nani? Na habari mbaya haiingii mle. Ikiingia vidonda vya watoto havifungi. “Kuna watoto kumi na wawili mle ndani. Unataka nibebe hilo?”

Nikasema mtu atapoteza kazi yake, jina lake, kila kitu. Akasema naelewa. Akachukua ndoo yake ya uji, akaingia porini.

Nilitaka kumkasirikia. Nilishindwa. Kwa nini nimkasirikie yeye ambaye anafuata utaratibu? Mimi si nilifuata wa kwangu?

Njiani kurudi Mama Basil akasema, akitoka utamwambia wewe. Si mimi, si watu. Wewe kwa mdomo wako. Nikaahidi.

Ijumaa, 27 Juni

Imepita. Saa sita usiku wa Ureno, huku kwetu kesho imeshaingia.

Wamemtoa. Sentensi mbili. Na wale waliokuwa wamwajiri Julai wamemwandikia, wakaniwekea nakala kwa kuwa mimi ndiye “mtoa taarifa”. Ajira imesitishwa. Wanamtakia kila la heri. Niliposoma kila la heri nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka.

Dominika anamfuata Bwana Halfani nyumbani kwake kumsafisha kidonda. Anaingia kwa mlango wa nyuma. Mguu umevimba. Zahanati haji, na cherehani yake haijatolewa nje kwenye baraza tangu siku ile. Nilituma salamu za kuomba radhi. Dominika karudi akasema salamu zimefika, basi.

Jumamosi, 5 Julai

Tandahimba. Wametoka leo.

Naandika nyuma ya nyumba ya Mama Basil, nimekalia kinu kilicholazwa. Naandika haraka.

Sijawahi kuona shangwe ya namna hii. Watoto wamebebwa mabegani, nguo mpya, miwani ya jua, miavuli, mafuta yanang'aa kichwani. Midimu wamecheza, wale wenye vinyago, vumbi limepanda mpaka kwenye mapaa. Akina mama wanarusha kanga chini wana wao wapite juu yake. Kila mtoto anatangazwa jina lake jipya na watu wanalipokea kwa vigelegele. Mpwa wake Optatus alipotangazwa, jina walilompa ni Optatus. La mjomba wake! Mama Basil alinishika mkono akauminya. Uliuma.

Yeye alikuja nyuma ya watoto, kakonda, ndevu, kafurahi kama aliyetahiriwa ni yeye. Akaniona kwenye watu. “Stella! Umekuja! Nani kama wewe!” Watu wakageuka. Akawaambia huyu ni mwanafunzi wangu, huyu ndiye kaichukua kazi yangu Newala, msimwone mdogo. Mzee mmoja akaniamkia kwa kunipungia kofia.

Nikasema shikamoo kaka, nina neno nawe. Akasema marahaba, na mimi pia, tena la kukuomba radhi. Akanivuta pembeni kidogo. Akasema kule usiku nilikuwa nakuwaza, toleo jipya lazima limeshatoka, na kile kiraka cha saba nilikuachia bila maelezo. Nilitaka kukuambia Januari, nikaona haya, wewe binti na mtu wa kanisa, nitaanzia wapi? Nikasema Stella ana akili, akikisoma atakielewa. “Ulikielewa?”

Nilifungua mdomo. Dada zake wakamvamia na unga na vigelegele, wakamvuta akaoge. Mwangalizi hashiki kitu cha nyumbani kabla hajaoga. Mama Basil alikuwa ameshatoa simu kabatini, ameichaji, imewaka, anataka kumpa. Optatus akasema akiwa anavutwa, “Mpe Stella! Za kazi anazielewa yeye. Nikitoka anisomee zote, tangu ya kwanza.” Akataja na namba ya siri ya kuifungulia, kwa sauti, mbele ya watu wote, huku anacheka.

Mama Basil akaniwekea mkononi. Akaenda jikoni.

Imeili zinaingia sasa. Simu inatetemeka mapajani mwangu haikomi. Watu hapa uani wanacheka, wanasema mjomba leo amekumbukwa! Nimefungua. Nimeshuka mpaka chini kabisa, ya kwanza. Tarehe kumi na mbili Juni. Ni yale maneno yangu ya ukurasa wa wazi, na juu yake jina langu.

Alama ya kufuta iko hapo hapo, pembeni. Ndogo. Na ya pili ni ya mama wa Ureno, ya tatu vilevile, na huko mbele wote wamenitaja.

Maji yamekoma bafuni. Nasikia anaita taulo.